Nchi ya Kuchuma: Vitenzi vya Mimea katika Historia ya Chai

Soko la Chepilat limekaa juu ya mpaka. Upande mmoja ni Sotik, Kaunti ya Bomet, kwa Wakipsigis. Upande wa pili ni Borabu, Kaunti ya Nyamira, kwa Wakisii. Katikati inapita barabara ya lami iendayo Kisii, yenye matatu, bodaboda, mikungu ya ndizi na madumu ya maziwa. Kipsigis na Ekegusii hazina udugu wa damu: moja ni lugha ya Kinailoti, nyingine ya Kibantu, na msikilizaji wa hii haambulii kitu katika ile. Kwa hiyo bei hupatanwa kwa Kiswahili. Lugha iliyozaliwa kwenye joto la mwambao ndiyo inayouza na kununua huku juu, kwenye baridi na mvua ya mawe.

Ilipopanda bara, lugha hiyo haikuja mikono mitupu. Ilibeba vitenzi vyake vya mimea, ikavikuta vya wenyeji, kisha vikaja vya Kiingereza vya wenye mashamba makubwa. Historia ya eneo hili inaweza kusimuliwa kwa kuuliza swali moja tu: kitenzi gani kilitumika kwa nani? Nani alisemwa kuwa anapanda, nani anachuma, na nani aliambiwa ang'oke?

Tuanzie pwani. Kiswahili kililelewa chini ya mnazi, na lugha inayolitazama tunda moja kwa subira kiasi cha kulipa jina kila hatua (kidaka, kitale, dafu, koroma, nazi) haiwezi kuridhika na kitenzi kimoja cha kukua. Mbegu huota. Mmea humea. Jani huchipua kwenye tawi, ua huchanua, shamba husitawi. Tunda hupevuka kwanza, kisha huiva, na asiyejua tofauti ya hayo mawili hana biashara ya kununua ndizi. Kilichokosa maji hunyauka. Kilichokosa nguvu tangu mwanzo huvia au hudumaa. Kutoka shambani vitenzi hivi viliingia mwilini na nyumbani bila kubisha hodi. Meno huota, ndevu huota, mvi huota, na pesa ya mshahara huota mbawa. Kijana ni chipukizi. Benki ina matawi, chama kina matawi na mashina, nayo fitina ina mzizi wake ambao kila mzee wa baraza hudai anaujua.

Vitenzi viwili vya jamii hii vina asili ya Kiarabu, na asili hiyo haijafa. Kunawiri hutoka kwenye shina moja na nuru. Kwa Waarabu ni kutoa maua na pia kutoa mwanga, ndiyo maana hata leo uso wa mtu mwenye afya husemwa kuwa umenawiri ingawa hakuna ua juu yake. Kusitawi, au kustawi, kunatokana na neno lenye maana ya kulingana, kunyooka, kufikia ukamilifu. Idara ya serikali inayoshughulikia yatima na wazee ikaitwa ya ustawi wa jamii. Ninalitaja hili kwa sababu kusitawi kutarudi mbele, katika mmea ambao usitawi wake ni kufyekwa usawa.

Wanaopenda kuorodhesha visawe wangetuambia kuwa kusitawi, kunawiri, kushamiri na kuchanua ni kitu kimoja. Si kweli, na mhariri yeyote wa habari anajua hivyo kwa sikio. Ufisadi hushamiri, ulanguzi hushamiri, wizi wa mifugo hushamiri. Biashara ya mtu unayempenda hunawiri. Vipaji huchipuka. Desturi mbaya hukita mizizi, na ikishakita mizizi huundiwa tume. Lugha imegawanya kazi kati ya vitenzi hivi kama nyapara agawavyo mistari ya kuchuma asubuhi, na hakuna kamusi iliyoamuru mgao huo. Halafu kuna uyoga. Vyuo visivyosajiliwa, wasemavyo watangazaji, vimechipuka kama uyoga. Wako wanaoona kuwa huo ni mkopo kutoka Kiingereza, lugha iliyougeuza uyoga kuwa kitenzi kamili. Sijui kwa nini tungehitaji kukopa. Yeyote aliyekulia karibu na kichuguu wakati wa masika amekwisha kuiona sitiari hiyo kabla ya kifungua kinywa.

Lakini kitenzi chenye uzito kuliko vyote katika nchi ya chai si cha kukua. Ni kuchuma. Kuchuma ni kutoa tunda, jani au ua kwenye mti kwa mkono. Na tangu zamani ni kupata faida pia, kutafuta riziki. Humo ndimo lilimochimbuka neno uchumi. Kiingereza kilipotaka kuusifu uchumi wa taifa kilisema unakua, na Waingereza wakazoea kuhesabu kukua huko kwa asilimia kila robo mwaka, kana kwamba ni mche uliojipanda wenyewe kwenye bustani ya Hazina. Kiswahili rasmi kimefuata, nasi leo tunasoma kuhusu ukuaji wa uchumi. Ukilivunja fungu hilo la maneno utaona ajabu yake: ni kukua kwa kuchuma. Ndani ya uchumi tayari kuna mkono wa mtu. Hata maendeleo, neno ambalo serikali zetu zimelitumia hadi likachakaa, halitokani na mimea. Linatokana na kuendelea, na kuendelea ni mwendo wa miguu.

Mchumia juani hulia kivulini, walisema wahenga, na wachumaji wa Kericho wanajua nusu ya kwanza ya methali hiyo vizuri zaidi kuliko ya pili.

Waingereza nao walikuwa na kitenzi chao cha kutisha, nacho ni kupanda. Kabla hakijaletwa Afrika Mashariki walikuwa wamekwisha kukitumia kwa binadamu. Mwaka 1609 mfalme wao alianzisha mpango wa kuwahamishia Waskoti na Waingereza kwenye ardhi iliyotwaliwa kaskazini ya Ireland, na mpango huo uliitwa “plantation”, upanzi. Francis Bacon aliandika insha yenye jina hilo mwaka 1625 akishauri jinsi ya kuwapanda watu katika nchi mpya. Neno koloni lenyewe lina jasho la jembe: kwa Kilatini colonus ni mkulima. Basi Mwingereza alipofika kwenye vilima vya Kericho na kujiita mpandaji, alikuwa anatumia neno lenye karne tatu mgongoni, ambalo ndani yake mche na mlowezi hawakutenganishwa. Kiswahili hakikumpa heshima hiyo. Kilimwita setla, au mlowezi, mtu aliyekuja akalowea. Kupanda kulibaki kazi ya waliokuwa na majembe mikononi.

Reli ilifika Kisumu mwishoni mwa 1901, ikipita nchi ambayo wakoloni waliiita Lumbwa. Mwaka 1905 majeshi ya Uingereza yalitumwa Sotik kuwaadhibu Wakipsigis kwa madai ya wizi wa ng'ombe. Mamia ya watu waliuawa na mifugo ikatekwa kwa maelfu. Mwaka huohuo, mwezi Oktoba, Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, aliuawa. Baada ya hapo ramani ilichorwa upya kwa haraka. Mashamba ya Wazungu yalipimwa Sotik katikati ya Wakipsigis na Wakisii, kama ukuta wa kuzitenganisha jamii mbili zilizokuwa zikinyang'anyana ng'ombe. Chepilat ya leo imo kwenye mshono wa ukuta huo.

Zao la kwanza ambalo walowezi walilitegemea huko Kericho halikuwa chai. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, maofisa wa Uingereza waliopata ulemavu vitani walipewa kiasi cha ekari 25,000 za ardhi ya Wakipsigis ili walime kitani. Kitani kiliota. Bei yake huko Ulaya ikanyauka, na mapema katika miaka ya 1920 mradi mzima ulikuwa umekufa. Ndipo zikaja kampuni. Chai ilikuwa imepandwa Limuru tangu 1903 na mlowezi aitwaye Caine, lakini zaidi ya miongo miwili ilipita bila biashara kubwa kushika. Katikati ya miaka ya 1920 Brooke Bond na James Finlay waliingia Kericho. Walikuta udongo mwekundu wenye tindikali, mwinuko wa kama mita 2,000, mvua karibu mwaka mzima, na ardhi iliyokwisha kuondolewa wenyewe.

Mchai ukiachwa huwa mti. Hupanda mita kumi na zaidi, hutoa maua meupe yenye moyo wa manjano, kisha mbegu. Kiwanda hakitaki lolote kati ya hayo. Kinataka majani mawili na chipukizi, basi. Kwa hiyo mchai hukatwa kwenye kimo cha kiuno na kutandazwa uwe meza. Kila siku saba hadi kumi na nne vichipukizi vilivyochomoza juu ya meza huchumwa. Kila miaka mitatu au minne kichaka chote hupogolewa, kupruni wasemavyo wakulima, hadi kibaki mifupa mitupu inayomtisha mgeni. Kisha huanza tena. Mmea huu hulazimishwa kuchipua maisha yake yote na haukubaliwi kupevuka. Ukiona shamba la chai limechanua maua, usilisifu: mwenyewe amelitelekeza, au halina mbolea, au mvua imegoma. Kitenzi ambacho katika mashairi ya kila lugha ni cha furaha, huku ni aibu ya mkulima. Na kusitawi kwa maana yake ya kale, kuwa sawasawa, ndiko hasa kusitawi kwa chai.

Wenyeji walikuwa na hesabu tofauti kabisa ya maua. Alfred Claud Hollis, katika kitabu chake cha 1909 kuhusu Wanandi, jamaa wa karibu wa Wakipsigis, aliandika juu ya setiot, kichaka cha msituni kinachochanua mara moja tu baada ya miaka kadhaa. Kuchanua kwake kulihusishwa na mzunguko wa jando na marika. Majina ya marika, Maina, Chumo, Sawe, Kipkoimet, Kaplelach, Kimnyige, Nyongi, yalizunguka na kurudi baada ya vizazi. Vijana hawakuharakishwa, kulikuwa na mmea uliosubiriwa. Sasa uweke mmea huo kando ya mchai. Mmoja hupimia miaka kwa ua lake, mwingine hulipiwa kwa kilo kabla haujawahi kuwa na ua.

Inafaa tusimame kidogo kwenye mwaka 1934. Bei ya chai duniani ilikuwa imeporomoka, na mwaka uliotangulia India, Ceylon na Indonesia ya Waholanzi zilikuwa zimekubaliana kupunguza mauzo na kuzuia upanzi mpya. Makoloni ya Afrika Mashariki yakaingizwa, na Kenya ikawa na sheria ya leseni za kupanda chai. Yaani kulikuwa na karatasi ya serikali iliyosema mmea huu uote wapi na kwa nani. Na kwa Mwafrika ilimaanisha usiote kwake kabisa. Mwaka huohuo serikali ilipitisha sheria nyingine, ya kuwaondoa walaiboni. Watu wa ukoo wa Talai, viongozi wa kiroho wa Wakipsigis ambao wakoloni waliwaona kuwa shina la ukaidi, walikusanywa wakapelekwa Gwassi, kando ya Ziwa Victoria, penye joto, malale na mbung'o. Walikuwa mamia, na watoto wao. Walianza kurejea karibu na uhuru. Barsirian arap Manyei, kiongozi wa kiroho wa Wanandi aliyekamatwa miaka ya 1920, aliachiwa baada ya uhuru, akiwa ametumia sehemu kubwa ya maisha yake kizuizini. Sheria mbili za mwaka mmoja, moja ya mimea na nyingine ya watu, na ukizisoma pamoja huoni pa kuzitenganisha: moja inaweka mpaka wa kuota, nyingine inang'oa.

Nafasi iliyobaki ilijazwa kwa kupandikiza. Wakipsigis wengi, wakiwa na mahindi na ng'ombe wao, hawakuvutiwa na mshahara wa kampuni, kwa hiyo wachumaji waliletwa kutoka Nyanza: Wajaluo, Wakisii na wengine. Walikaa kwenye kambi za kampuni, wakajifungua humo, wakazika wazee wao mbali. Kiswahili cha Kericho kilikomaa kambini, kati ya nyapara na mizani.

Ilichukua hadi miaka ya 1950 kwa Mwafrika kuruhusiwa chai yake. Mashamba madogo ya kwanza yalijaribiwa Nyeri, mpango wa Swynnerton wa 1954 ukaongeza kasi, na mwaka 1964 likaundwa KTDA, shirika la chai ya wakulima wadogo. Leo wakulima wadogo zaidi ya laki sita ndio watoao sehemu kubwa ya chai ya Kenya, nchi ambayo kwa mwaka mzuri huzalisha zaidi ya kilo milioni 500. Utafiti wa Timbilil, nje kidogo ya mji wa Kericho, ulioanza 1951, uliachana na mbegu ukageukia vipandikizi vya jani moja, hata mashamba mengi sasa yamejaa michai ambayo ni nakala ya mama mmoja. Wanasiasa wa miaka ya uhuru walikuwa wakihubiri matunda ya uhuru. Hii ndiyo sitiari ya mimea iliyoipendeza zaidi Kenya, na ndiyo iliyowaudhi zaidi waliosubiri, maana tunda lina mchumaji na haliwezi kuliwa na kijiji chote. Jomo Kenyatta mwenyewe alipendelea harambee, ambayo ni kuvuta. Daniel arap Moi akaja na nyayo. Alipotaka kuilinda misitu, ukiwamo wa Mau, mwaka 1986 aliamuru mkanda wa chai upandwe kingoni mwake, na mashamba hayo yakaitwa Nyayo: mmea uliopewa jina la miguu, na kazi ya ua wa boma.

Mashamba ya walowezi wa Sotik yaligawanywa karibu na uhuru. Upande mmoja walipewa Wakipsigis, na upande wa Borabu Wakisii. Mpaka ambao Mzungu alikuwa ameukalia sasa ulikaliwa na majirani wawili uso kwa uso, kila mmoja na hati yake.

Septemba 1991, Kenya ilipokuwa ikidai vyama vingi, mikutano ya wanasiasa ilifanyika Kapsabet na kisha Kapkatet, Kericho, na maneno yaliyosemwa huko yalichunguzwa baadaye na kamati ya Bunge iliyoongozwa na Kennedy Kiliku. Neno lililobaki midomoni mwa watu kutoka kipindi hicho ni madoadoa, nao waliokusudiwa ni watu wa makabila mengine waliokaa Bonde la Ufa. Mwezi uliofuata, huko Uingereza, waziri wa fedha Norman Lamont aliuambia mkutano wa chama chake kuwa vichipukizi vya kijani vya uchumi vimeanza kuonekana. Alichekwa kwa miaka mingi, kwa sababu vichipukizi vilichelewa. Mwishoni mwa mwezi huohuo wa Oktoba mapigano yalizuka katika shamba la Meteitei, Tinderet, yakaenea. Mpaka wa Sotik na Kisii uliungua mwaka uliofuata. Mwanzoni mwa 2008, baada ya uchaguzi, Chepilat iliungua tena, maduka yakawa majivu pande zote mbili za barabara.

Kati ya hizo nyakati mbili lugha ya palizi ilikuwa imeenea kuliko wengi walivyotaka kukiri. Polisi wenyewe walituhumiwa kuwa na kikosi kilichojulikana kwa jina la Kwekwe, dhidi ya kundi la Mungiki. Na kwekwe ni magugu. Aprili 2022 Tume ya Uwiano na Utangamano ilichapisha orodha ya maneno yaliyohesabiwa kuwa ya chuki. Madoadoa yalikuwamo, mende walikuwamo, na kwa Kikalenjini lilikuwamo fungu la maneno “otutu labotonik”, ng'oa magugu. Labotonik ni mimea ya jamii ya ndulele, yenye miiba na vitunda vya manjano ambavyo ng'ombe hawavitaki. Kila mtoto aliyewahi kulima Bomet ameing'oa.

Hapo ndipo pana ugumu ambao orodha ya tume haiwezi kuutatua. Huwezi kumpiga faini mkulima kwa kusema ng'oa magugu; ni kazi yake ya Jumatatu. Sitiari ya palizi ina nguvu kwa sababu ni safi. Haitaji damu wala moto. Humfanya msikilizaji ajione mkulima mwema anayelinda alichopanda, na humfanya jirani awe kitu kilichoota pasipotakiwa, kisicho na mwaka wa kufika wala hati wala makaburi. Kiingereza kiliwapanda watu, nasi tukajifunza kuwapalilia. Sioni kuwa Kiswahili au Kikalenjini kina ubaya wake wa pekee katika jambo hili. Lakini ardhi ambayo imeshuhudia watu wakipandwa, wakipandikizwa na kung'olewa kwa sheria kwa miaka mia moja haikuwa na haja ya mhubiri wa kuifasiria sitiari hiyo. Wakipsigis wenyewe waling'olewa Mau mwaka 2009, na tena mwaka 2018 na 2019, safari hii kwa jina la miti.

Kitenzi cha kuchuma nacho kiko mashakani. Kampuni kubwa zilileta mashine za kukata majani, na mashine haichumi. Hukata meza yote, vichipukizi na majani yaliyokomaa pamoja, na mashine moja huchukua kazi ya wachumaji wengi. Mei 2023 waandamanaji Kericho walizichoma moto. Mwaka huo Finlay iliuza mashamba yake kwa Browns Investments ya Sri Lanka. Mwaka uliofuata mashamba yaliyokuwa ya Brooke Bond, kisha Unilever, kisha Lipton, yakaenda huko huko. Walichonunua ni miaka iliyobaki ya ukodishaji. Katiba ya 2010 iliifuta mikataba ya miaka 999 ambayo wageni walikuwa nayo, ikaweka ukomo wa miaka 99. Agosti 2022 Wakipsigis na Watalai walipeleka malalamiko yao dhidi ya Uingereza katika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu. Michai ya kwanza ya Kericho, iliyopandwa katikati ya miaka ya 1920, imekwisha kuifikia miaka hiyo 99, na iliyobaki bado inachumwa.